Kishoka Kipya cha Kambini

Mjukuu wangu Tumaini, ugonile, hujambo? Huku Ngonga hatujambo, mpunga umeanza kuchanua.

Umeuliza kama kishoka ulichonunua kitafaa kambini. Tangu nisome sijatulia. Nikiwa msichana, tulipiga kambi ziwani na vijana wa kanisa. Nilikuwa na kishoka kipya, nikapasua kuni harakaharaka nionekane hodari. Dada yangu Subira akaniambia, "Mpini unacheza, acha kwanza."

Sikuacha. Chuma kikachomoka, kikapita karibu na sikio lake, kikaangukia mchangani. Hakunigombeza, alikaa chini akilishika sikio, nami nikashindwa kumtazama. Jioni ile tulipikia vijiti vya kuokota.

Kitafaa, mjukuu wangu. Ila ukague mpini, na mtu asikae mbele yako. Ukimaliza kukata nipigie simu, hata kama huna la kusema.

Bibi yako