Tumbo la Ahadi

Lodwar, 12 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima na joto la Kakuma halijakumaliza. Sisi twaendelea, isipokuwa jambo moja ambalo sijamwambia mtu mwingine: siamini kwamba mama ana mimba.

Kanisa zima linaamini. Krismasi Mchungaji Wandera alimsimamisha mbele, akamwita Sara wa Lodwar, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini damu yake ya mwezi ilikoma mwaka juzi. Tumbo limevimba juu, chini ya mbavu za kulia, na nikiweka mkono hakuna kinachocheza. Katika biolojia tulisoma kuhusu uvimbe unaoletwa na minyoo ya mbwa. Jana nilimwona mbwa wetu akiramba sufuria.

Nilimwambia, "Mama, twende upigwe picha ya tumbo."

Akasema, "Anayepima ahadi ya Mungu ni Tomaso. Shule imekuharibu?"

Tangu hapo ananitazama kwa pembe ya jicho, nami namtazama vivyo hivyo. Naandika barua kwa sababu simu ni yake na ujumbe wote anausoma. Nimempa Adome, yule dereva wa gari la mboga, akuletee.

Mwanao,
Awoi

Kakuma, 21 Januari 2025

Mwanangu Awoi,

Ejok, hujambo? Barua imefika ikinuka vitunguu. Mimi mzima, ila umeninyima usingizi.

Kwanza nijibu: unatilia shaka tumbo, au unamtilia shaka Mungu? Mimi ni muuguzi na bado naimba kwaya, kwa hiyo usinidanganye.

Mimi na mama yako, kama watoto wengi wa huku, tulilelewa na mbwa. Tukijisaidia tukiwa wachanga, yeye ndiye aliyeturamba tukawa safi. Uvimbe huo hukua polepole miaka mingi. Ukipasuka ndani, unaweza kumuua.

Ukimwambia aje apimwe, hatakuja. Mwambie mimi ni mgonjwa, namhitaji aniombee. Na huyo Tomaso wake, Bwana hakumfukuza. Alimwambia, leta mkono wako.

Mama yako mdogo,
Nyagoa

Lodwar, 2 Februari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole kwa ugonjwa ambao huna.

Nimemwambia. Hakuuliza hata unaumwa nini. Alianza kufunga siku hiyohiyo, na tumbo lile. Nusura niseme ukweli. Mchungaji alikuja kumwombea safari, akanishika mlangoni: "Nyagoa anaumwa nini hasa?" Nikasema kichwa. Akanitazama sana. Nashuku anajua ni uongo. Au labda hata yeye ana shaka na tumbo lile, ila hana wa kumwambia.

Jibu la swali lako: ni tumbo. Kuhusu Mungu, niulize baadaye.

Atafika Alhamisi na gari la Adome. Mimi nabaki na wadogo zangu. Tafadhali usionekane umenona.

Mwanao,
Awoi

Kakuma, 24 Februari 2025

Mwanangu,

Ejok? Pumua kwanza. Mama yako amepasuliwa na ametoka salama.

Nililala chini ya blanketi na joto hili. Aliniombea hadi jasho likamtoka, na mimi pia. Kisha nikamwambia, "Daktari anataka kunipiga picha ya tumbo, naogopa. Tangulia wewe, dada." Akapanda kitandani ili mimi nisiogope.

Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na mfuko wa maji, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Mtoto hakuwepo. Mama yako akasema, "Nilijua hachezi. Lakini nguo za mtoto zilikuwa zimeshashonwa."

Daktari aliinamisha kichwa akaomba kabla ya kushika kisu. Nami, kwa shaka zangu, nikachungulia kama vyombo vimechemshwa. Vilikuwa vimechemshwa.

Mama yako mdogo,
Nyagoa

Lodwar, 23 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama anatembea vizuri na kidonda kimefunga.

Leo alisimama kanisani. Nilishika benchi kwa hofu. Akasema, "Mtoto hakuwepo. Ulikuwa ugonjwa, nasi tukauita ahadi." Mchungaji alitazama sakafu. Kisha mama akasema, "Lakini Mungu alinipeleka Kakuma kwa sababu ya dada yangu. Nilimkuta hoi. Niliomba, akasimama." Hapo vigelegele vikapasua mabati, na mchungaji akafuta macho.

Nyumbani sasa anaosha sufuria mwenyewe kwa maji moto, na mbwa anafukuzwa jikoni. Jioni aliniuliza ghafla, "Mgonjwa gani humaliza sahani nzima ya nyama ya mbuzi?" Akanikazia macho. Nikainama kuwasha makaa ambayo tayari yalikuwa yanawaka. Hakuuliza tena.

Uliniuliza kuhusu Mungu. Sijui bado. Alipimwa kwa sababu ya uongo wangu, lakini asingepanda gari lile kama asingeamini maombi. Nikijaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili, nashindwa.

Kwa hiyo nakusihi, usimwambie kamwe kwamba hukuwa mgonjwa. Hata mkicheka pamoja, hata mkizeeka. Ni wewe na mimi tu. Na ukija Pasaka, tembea polepole kidogo, kama mtu aliyepona.

Mwanao,
Awoi