Ukurasa wa Pili

Kwako kaka yangu mkubwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta umeshakula, umeketi mahali penye upepo, na kile kizunguzungu cha asubuhi kimepungua. Huku mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, anakusalimu sana. Goti lake bado linatabiri mvua na bado linakosea, ila ukimwambia hivyo atakununia wiki nzima. Wifi anaendeleaje? Na watoto, bado wanagombania zamu ya kukuandikia kwenye daftari? Waambie shangazi yao anasema mwandiko wa yule wa kati unahitaji fundi.

Wifi ameniambia umerudi mezani kwako, na sasa unatengeneza redio kwa kuweka kiganja juu ya spika kusikiliza inavyotetemeka. Ameniambia pia kwamba unaifungulia sauti mpaka mwisho bila kujua, mtaa mzima unapata taarifa ya habari hata wasioitaka. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Na ile kengele ya mlango uliyoiunganisha na balbu nyekundu juu ya meza, nani mwingine angeifikiria? Hongera kaka.

Najua unashangaa Kasuku ameanza lini kuandika barua. Maisha yangu yote umesema mdomo wangu hauna swichi, na kwamba wewe fundi mzima umeshindwa kunizima. Lakini simu haikufai tena, na haya ninayotaka kukuambia sitaki yapite kwa wifi wala kwenye daftari la watoto. Nakuomba kitu kimoja tu: usiishie ukurasa wa kwanza.

Siku hizi naota stesheni. Kila nikisinzia, hata mchana nikiwa kazini, ninajikuta niko pale. Jua linapenya kwenye vioo vya paa, vumbi linaelea taratibu kama halina haraka ya kutua. Wewe uko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, unafungua ile spika ya kutangazia treni iliyokuwa inakwaruza. Muuza magazeti yupo. Yule mama mwenye sanduku la kijani yupo, amepanga foleni kwa mkata tiketi. Wote wanaongea na kucheka, naona midomo ikicheza, lakini hakuna sauti hata moja. Mimi nimeshika kadi mkononi, nataka kukuita ushuke, na sauti haitoki. Wewe unanitazama tu kutoka juu, mpole, unasubiri niseme. Kisha naamka.

Wakati mwingine ndoto inahamia hospitali, kwenye ile wodi ndefu ya mapazia meupe yaliyokuwa yanajaa upepo na kulegea, yanajaa na kulegea. Siku ya nne baada ya bomu la stesheni uliomba kalamu. Ukaandika: Tumewakosea nini? Daftari likazunguka kitanda chako. Daktari akaandika kwamba watu wabaya hawahitaji sababu. Wifi akaandika utulie, upumzike. Lilipofika kwangu niliandika kwamba hatujawakosea chochote, ni wivu tu, wanatuonea kijicho kwa sababu tunapendwa. Ulisoma, ukanipigapiga mkono, ukalala. Uliniamini kaka, na hilo ndilo linaloniuma.

Na nani asingeamini? Nchi hii inapendwa kweli, na mimi ndiye ninayejua zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Unaifahamu ofisi yetu ya barua za wageni, ghorofa ya tatu, meza nne na kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi bila kupigwa teke. Kila asubuhi linaletwa gunia. Watu wanatuandikia kutoka kila upande: wanawasifu madaktari wetu wanaovuka mipaka kutibu macho ya watu, walimu wetu, treni zetu, watu wetu wasiojua kununa. Bibi mmoja aliandika kusifu kunguru wetu, akasema wana adabu kuliko wa kwao. Kila anayesifu tunampelekea kadi, ile yenye picha ya vilima asubuhi na maandishi ya dhahabu: Asante kwa kutupenda, karibu tena. Kwenye kona ya kila kadi ninayoituma huwa nachora ndege mdogo, kwa ajili ya jina ulilonipa.

Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Karibu, alitufundisha kazi siku ya kwanza. Soma ukurasa wa kwanza, ukiona sifa gonga muhuri, tia kadi kwenye bahasha, chukua nyingine. Barua ni nyingi, muda ni mchache. Mezani nina trei moja tu, ya sifa. Niliwahi kumuuliza za malalamiko zinawekwa wapi, akaniambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajawahi kuyaona. Na hakudanganya. Watu waungwana huanza kwa salamu, wakakuulizia hali na kukusifu nyumba yako, ndipo waseme kilichowaleta. Ukiishia ukurasa wa kwanza, dunia nzima inakupenda.

Miaka miwili iliyopita ilikuja barua ya mwalimu mmoja wa shule, kutoka bonde lililoko nyuma ya milima ya mpakani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kututakia heri. Alisimulia jinsi daktari wetu alivyomwondolea mtoto wa jicho, akaweza tena kusahihisha kazi za wanafunzi wake bila kushikiwa taa. Alisema anaipenda nchi yetu. Nikagonga muhuri, nikachora ndege, nikatuma kadi.

Sasa kumbuka yule mtu aliyetega bomu kwenye madirisha ya tiketi. Walisema alikutwa na kadi yetu mfukoni, imekunjwa mara nne. Gazeti lilichapa picha ya kadi hiyo, na ofisini Bwana Karibu alilia machozi ya kweli. Tulimkaribisha, alikuwa anasema, tulimkaribisha jamani. Mji mzima ukarudia maneno hayo. Hata wewe uliniandikia kuniuliza binadamu gani anakaribishwa kwa upole namna hiyo halafu anafanya vile. Nilijifanya naenda kukuletea maji. Kwenye ile picha ya gazeti nilikuwa nimemwona ndege wangu.

Kaka, nimekuambia sheria ya ofisi ni ukurasa wa kwanza. Ningeweza kuishia hapo ukasema Kasuku hakujua. Lakini ya yule mwalimu niliigeuza. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limelala mezani, nimejaa usingizi, na ule mwandiko ulinivuta tu. Nilisoma ukurasa wa pili mara mbili.

Aliandika kwamba uwanja wa ndege ambao nchi yetu imewaazima marafiki zake wakubwa uko ng'ambo tu ya milima yao, na kwamba watu wa bonde lake huziona ndege zikipaa kutoka kwetu. Moja iliangusha bomu kwenye harusi. Walikufa watu kumi na tisa, akiwemo mke wa mdogo wake. Alisema haamini kwamba watu waliomrudishia macho wangetaka jambo kama hilo, kwa hiyo labda hatujui. Hakudai kitu. Aliomba mtu mmoja tu amjibu kwamba amesikia.

Nilitazama trei, sikuona pa kuiweka. Kumpelekea Bwana Karibu niliogopa, nisije nikaonekana mchokozi. Basi nikamtumia asante kwa kutupenda, karibu tena. Jioni ile nilikuja kwenu kula, nikawachekesha na habari za kunguru.

Baada ya miezi minne alileta barua nyingine, ya ukurasa mmoja. Alisema kadi imefika. Alisema mdogo wake aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu kingine kimeandikwa, akaomba abaki nayo. Niliificha pamoja na ile ya kwanza chini ya droo yangu, na sikumjibu.

Sisemi aliyetega alikuwa na haki. Muuza magazeti hakuazima mtu uwanja wowote. Wale kumi na mmoja waliokufa hawakuijua hata hiyo milima, na wewe ulikuwa juu ya ngazi ili watu wasikie treni zao. Sijui pia kama jibu langu lingemzuia. Lakini uliuliza tumewakosea nini, na katika wote waliozunguka kitanda kile, mimi peke yangu nilikuwa nimeshaandikiwa jibu. Nikakuandikia wivu. Nisamehe kaka, ukiweza.

Nakala za barua zake mbili nimezitia humu. Zenyewe nitazipeleka kwa wapelelezi Jumatatu, na Bwana Karibu nitamwambia mwenyewe. Mwalimu nimemwandikia jana, bila kadi. Sijui kama bado yupo.

Mwambie wifi asihangaike kupika. Wabusu watoto. Jumamosi saa nane mchana nitakuja, nitasimama mlangoni na kubonyeza kengele mara moja tu. Balbu ikiwaka utajua ni mimi. Nitasubiri, na mlango usipofunguka, sitajidanganya kwamba hukujua nipo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku