Mtoto wa Sukari

Mtaa wa Murusi,
Kasulu.
19 Agosti 2024

Mpendwa Dada Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Magoti yanaendeleaje? Na dawa ya presha, unameza kila siku au siku unazokumbuka tu? Sisi huku wazima, ila vumbi la Agosti limetukausha koo. Kaka Khatibu msalimie kabla hujasoma mbele, maana mbele nimekasirika kidogo. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Shughuli ya mwanao Nasma ya kumkaribisha mtoto ilifanyika juzi Jumamosi. Uliponitumia ile picha ya keki, kigari chenye maua ya krimu na kichanga ndani, uliongeza: "Tafuta fundi Kigoma mjini, usijaribu mwenyewe." Dada, mimi nilianza na kikaango kimoja cha vitumbua pale stendi. Sasa ni mwaka wa kumi na sita napikia harusi, Kasulu, Makere mpaka Kibondo.

Basi nikaamua nitakitengeneza kigari mwenyewe, na kitafanana na picha. Krimu niliiacha, kwa jua letu haimalizi nusu saa. Nilikaanga visheti mia nne na kumi na viwili, nikavigandisha kimoja kimoja kwa shira nzito juu ya beseni lililopinduliwa. Shira ilipokauka nikageuza, nikalitoa beseni, ukabaki mwili wa kigari. Magurudumu manne yalikuwa kashata za karanga za Makere.

Kisha nikamfinyanga mtoto kwa sukari ya unga, ute wa yai na matone ya ndimu. Urefu wa kiganja, amefumba macho. Nikamlaza ndani, na shuka ya sukari mpaka kifuani.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikuwa najua. Nasma ana mimba ya miezi minane. Mwaka juzi alijifungua mtoto asiye na pumzi, akiwa na miezi minane hii hii, kitanda kimeshanunuliwa, nepi dazeni mbili zimeshakunjwa. Wewe ulizipata habari kwa simu. Mimi ndiye niliyezifungasha zile nepi asizione.

Jumamosi nilipoingia na kigari, wageni hamsini na wanne walikuwa wameshakaa. Mama Nurudini, mama mkwe wa Nasma kutoka Kibondo, akakizunguka kigari kama anakagua ng'ombe mnadani, akasimama.

"Mkwe," akaniambia, "mikono yako sina neno nayo. Lakini mgeni hajafika, mbona umeshamlaza?"

"Ni sukari tu, mkwe."

"Naona ni sukari. Sasa nani atamkata kisu?"

Wasichana waliokuwa wanapiga picha wakashusha simu. Kisu nilikuwa nacho mimi, kimefungwa utepe, nisijue nikiweke wapi.

Nasma akainuka mwenyewe. Akamtoa yule mtoto kwa mikono miwili, akamfunga kwenye kitambaa cha meza. "Ma'mdogo, hapa paache wazi," akasema. "Nimeogopa tangu ulipoingia nacho, nikaona aibu kukwambia."

Aliyetuokoa ni Mama Nurudini yule yule. "Mtunzeni vizuri," akasema. "Mtoto akitimiza arobaini, huyu tutamkoroga kwenye chai. Mimi nitaanza na miguu, sukari yangu nataka nyingi." Nasma alicheka mpaka ikabidi akae.

Tukala magurudumu, tukala pande zote. Kila mgeni alipata visheti saba. Vilibaki thelathini na vinne, pale chini alipokuwa amelazwa mtoto. Hakuna aliyevigusa, wala mimi sikuwahimiza.

Nimefikiri siku mbili hizi. Nilikuwa nashindana na picha yako, dada, na aliyekuwa mbele yangu na tumbo lake sikumwuliza hata swali moja. Wewe pia hukumwuliza.

Jana nikamwuliza anataka nini. Hakutaja chakula. Anataka wewe uwepo siku ya kujifungua. Sikufichi, iliniuma, nimemlea tangu ana miaka sita, ulipoolewa na Kaka Khatibu huko Tanga ukaniachia, na anayeitwa ni wewe. Lakini nimelipima jambo lenyewe nikaona ana haki. Akipata uchungu atahitaji mikono minne, na mimi nina miwili.

Kliniki wamemwandikia tarehe 21 Septemba, siku thelathini na tatu kuanzia leo. Safari toka Tanga ni siku mbili, lakini wewe njoo wiki mbili mapema, maana watoto hawasomi kadi. Chukua kiti cha mbele unyooshe magoti. Chumba cha uani nimeshakipiga chokaa.

Wasalimie Kaka Khatibu na wanawe wote. Nurudini na mama yake wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akupe afya, aifanye njia yako nyepesi, na yule tunayemngoja amlete akiwa analia.

Mtoto wa sukari yumo kwenye mkebe wa maziwa juu ya kabati, kifuniko nimekibana kwa ajili ya sisimizi. Picha zimetosha, dada. Njoo ukoroge chai mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Zena