Antena ya Futi ya Chuma

Gesima, Jumapili

Kumbe ni rangi. Lehemu haishiki kwenye futi ya chuma, ile ya fundi ya kupimia, mpaka uikwangue rangi yote, na nilipoteza asubuhi nzima kabla ya kugundua hilo.

Saa kumi nikapanda juu ya shamba la chai na redio ya mawasiliano pamoja na antena yangu mpya: vipande vitatu vya futi kwenye bomba la plastiki. Nikaielekeza Manga, kwa Baba, aliyenifundisha mambo haya. Sauti yake ikaja na kelele nyingi.

"Umeilaza," akasema. "Vipande visimame wima."

Nikaigeuza. Akasikika kana kwamba yuko jikoni kwangu.

Nilimuuliza hali, kisha nikaachia kitufe cha kuongelea ili ajibu. Redioni huwezi kumkatiza mtu. Akasema alianguka bafuni Jumanne na nyonga bado inamuuma. Hajamwambia mtu.

Tangu siku hiyo tumeongea kwa simu mara tatu. Kila mara, "Niko sawa, mwanangu."

Nikamwambia kesho sitafundisha, nitampeleka hospitali Kisii apigwe picha ya nyonga. Nilitarajia abishe. Akasema tu, "Njoo mapema."

Hilo ndilo linalonitia hofu.