Kabaila Aliyeshinda Nyalikungu

Bariadi, Jumamosi

Makomredi! Ndivyo nilivyowahutubia wachezaji wangu leo mazoezini, nao wakacheka.

Katika riwaya ile ya zamani tuliyoigeuza kuwa igizo la nyimbo, wakulima wanamshinda kabaila. Jukwaani Nyalikungu, mwaka jana, kabaila ndiye aliyeshinda. Wanangoma wa kundi la Wagalu, waliocheza upande wake, walipiga ngoma vizuri mno hata watazamaji wakawahama mahasimu wao Wagika, wakulima wangu, wakakimbilia kwa mnyonyaji. Ndiyo desturi ya mashindano ya ngoma huku: anayependeza ndiye anayefuatwa.

Leo nikaagiza safari hii watazamaji wakalishwe kwenye viti, wasihame. Mama Kabula, manju wa Wagalu, akaweka ngoma chini.

"Ng'wanone, mwanangu, unataka tushindwe na karatasi ya igizo? Hao Wagika wako wafundishe kucheza!"

Hasira haijanitoka. Ninahofia kwamba wananchi, wakiachiwa uhuru, watamchagua tena kabaila. Lakini nikiwafunga vitini, mimi nami nitakuwa...

Basi. Viti viondolewe. Wagika wote, pamoja na ngoma zao: mazoezi ya kucheza kesho, saa tisa alasiri, uwanja wa mnada.