Kile Kitabu cha Njano Usikifungue Tena

Odessa mwanangu,

Supu ya kuku iko kwenye friji, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Na kile kitabu cha njano cha kujiandaa na mtihani wa historia ya dunia, usikifungue tena. ~~Nitakueleza nikirudi kutoka kazini.~~ Hapana, nakueleza sasa, maana nikikutazama usoni nitashindwa.

Asubuhi, wewe ukikoroma kama trekta, nilikifungua nitafute maswali ya kukuchokoza nayo. Nikaona kilichapwa mwaka 2015. Cha zamani mno. Nikampigia mwalimu wako, Bi. Lindqvist. Akasema, “Bwana Tackett, siku hizi mtihani unauliza historia ya kuanzia mwaka 1200 tu. Misri na Roma zilishaondolewa.”

Miezi mitatu umehangaika na mafarao bure! Na mimi ndiye niliyekichagua kwenye mnada wa vitabu pale kanisani, nikakipendea unene, kama mtu anayenunua tikiti maji.

Zimebaki siku kumi na moja. Sikufichi, naogopa. Naogopa utafeli kwa kosa langu, halafu uje udhani ni wewe usiye na akili. Unazo, tena nyingi. Mwenye kasoro ni mchaguzi wa kitabu.

Kipya kiko chini ya karatasi hii, nimekiazima maktaba. Mwalimu ndiye aliyekitaja, siyo mimi, kwa hiyo kiamini.

Nikasirikie unavyotaka, lakini kasirika huku unasoma. Anza na Wamongolia.

Baba