Sakafu ya Karafuu Uliyoisemea Barazani

Vuai,

Salamu wanazopewa watu wa makaburini nshazitoa. Nilizitoa nimesimama miguuni pako na viatu mkononi, maana sikujua kama watu wa huku siku hizi huvua au hawavui. Binti yako Pili alinitazama akasema, "Vaa, ami, kuna miba." Nikavaa. Nilikuja na maneno mengi na yote yakanipotea palepale. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ulikuwa msemaji. Mimi ni mtu wa karatasi.

Nilifika Unguja siku kumi baada ya arubaini yako. Nimekaa Mji Mkongwe kwa binti wa dada yangu, ghorofa ya pili, katika kichochoro ambacho vespa ikipita sahani za kabatini hulia. Miaka yote niliyokaa Maskati nikipanga vitabu vya watu kwenye maktaba, nilikuwa nikijisomea mji huu kichwani, kona baada ya kona, nisije nikausahau. Sasa naukanyaga kwa miguu yangu, na wenye maduka ya vinyago wananikaribisha kwa Kiingereza.

Lakini si hayo niliyotaka kukwambia. Nakuandikia kwa ajili ya barua yangu ya mwisho, ile niliyokuletea miaka tisa iliyopita.

Niliiandika baada ya binamu yangu kunipigia simu kutoka hapa. Alisema, "Rafiki yako Mwakilishi kaikalia sakafu ya babu yako. Huko barazani hana neno ila sakafu, sakafu." Sikuuliza mara ya pili. Niliona mbele yangu ile sakafu ya saruji aliyoijenga babu katikati ya mikarafuu, mbele kidogo ya Kidichi, tulipokuwa tukianika karafuu wewe na mimi tungali watoto. Shamba lilipogawiwa watu eka tatu tatu, nasi tulikuwa tumeshaondoka, nilinyamaza. Nilisema ndiyo dunia. Baba yako, Mzee Simai, aliyekuwa mlinzi wa shamba, alipata eka zake na moyo wangu ulifurahi kweli. Lakini sakafu haikuandikwa jina la mtu, na mimi ile sakafu niliihesabu kuwa ndiyo kwetu. Basi nikachukua kalamu. Nilikuandikia kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili nikaandika: "Baba yako alikula kwetu, na leo wewe unatula sisi."

Jibu lako lilikuja kwa mwandiko usiokuwa wako. "Tumepokea. Mvua imeanza mapema, tunaokoa karafuu." Basi. Nililichukua kuwa ni kiburi. Nikakata mawasiliano, nikazeeka nayo hasira ile kama mtu anayefuga paka asiyekamata panya.

Mwezi uliopita Pili alinipandishia ngazi mapolo mawili ya karafuu. Ndani yake hamkuwa na karafuu. Mlikuwa na majalada ya kumbukumbu za Baraza la Wawakilishi, vikao vyote vya mihula yako miwili. Aliniambia uliyaweka humo makusudi, kwa kuwa mdudu hapendi ukali wa karafuu. Hakuna hata ukurasa mmoja ulioliwa, Vuai. Mimi niliyewahi kuwaomba wakubwa zangu dawa ya wadudu mwaka hadi mwaka!

Nimeyasoma yote, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kazi. Nilianza nikimtafuta mwizi. Siku ya tatu nilisahau nilichokuwa nikikitafuta.

Nani alikufundisha kusema vile? Pale miche ya mikarafuu ilipoletwa masika yameshakwisha, ikafa ndani ya vifuko vyake, ulisimama ukasema: "Mheshimiwa Spika, mche hausomi bajeti. Mche unasoma mvua." Mwandishi wa Baraza akaandika pembeni, kwenye mabano, kwamba watu walicheka. Lakini hukuwaachia wakacheka wakaondoka. Ukaeleza mche wa mkarafuu unavyotaka kivuli mwanzo kama mtoto mchanga, unavyokauka kuanzia ncha ya jani, na wiki ngapi unaweza kungoja kabla haujawa kuni. Niliinuka kitini kwangu nikaenda dirishani. Maneno yale ni ya Mzee Simai. Nilimsikia akiyasema kwa masikio yangu, na wewe umeyaingiza katika kumbukumbu za nchi bila kubadilisha hata tuo.

Na lile la kituo cha afya kisichokuwa na maji! Uliuliza, ukajibiwa kuwa Serikali inalifanyia kazi. Kikao kilichofuata ukauliza tena, ukajibiwa vilevile. Mara ya tatu ukasema: "Mheshimiwa Spika, naomba nielekezwe hiyo kazi inafanyiwa wapi, nikawapelekee chai." Nilicheka peke yangu mpaka mpwa wangu akaja kuniuliza, "Mjomba, kuna nini?" Nikamsomea. Naye akacheka, kisha akauliza, "Maji yalikuja?" Nikafunua kurasa. Yalikuja, baada ya swali la sita.

Swali la sita. Mimi ningechoka la pili.

Nilikumbuka ulivyokuwa na miaka kumi. Wachumaji walikuwa wakinywa maji ya moto kwa kuwa mtungi uliwekwa juani, na wakubwa wote walijua na hakuna aliyesema. Ulimwendea babu yangu pale barazani kwake, kanzu yako imepasuka bega, ukamwambia, "Bwana, watu wanakunywa maji moto. Mtungi uko juani." Babu alikutazama muda mrefu. Kisha akanyanyuka akausogeza mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, naogopa kwa niaba yako. Leo naona ule ulikuwa mchango wako wa kwanza, na haukuwa na mtu wa kuuandika.

Halafu nikafika kwenye kikao cha sakafu.

Nilikuwa sijui. Naapa, Vuai, nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui kwamba kituo kipya cha afya, si kile cha maji bali cha karibu na shamba ulichokidai miaka yote, mwisho kilikubaliwa, na kwamba waliopima walichagua kukijenga juu ya sakafu ya babu, kwa sababu ni tambarare na msingi uko tayari. Mtu mwingine angepiga makofi akarudi jimboni na ushindi wake. Wewe ulisimama ukapinga. Nimekinakili ulichosema, nakurudishia kama kilivyo:

"Mheshimiwa Spika, kituo nakitaka mimi kuliko mtu yeyote humu ndani. Wake zetu wanajifungulia njiani. Lakini pale ndipo tunapoanika. Ukiiondoa sakafu, karafuu zitaanikwa barabarani, zitaingia mchanga na mafuta ya magari, na ikija mvua zitalowa ziwe mpeta, nyeupe, hazina harufu wala mnunuzi. Tutampa mama kitanda tumnyang'anye chakula. La pili, sakafu ile si yangu wala si ya wizara. Aliijenga mtu ninayemjua. Baba yangu alikuwa mlinzi wake. Wajukuu zake wako nje. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi, Mheshimiwa Spika, hilo nnalikataa. Asiyekuwapo anaulizwa."

Hapo mjumbe mmoja, simtaji, akapaza sauti, "Akagombee huko huko Arabuni!" Na mwandishi, mtu mwaminifu, akaandika kwenye mabano kwamba watu walicheka. Cheko hilo nalo nimelisoma.

Wewe uliendelea kana kwamba hukusikia. Ukasema kituo kijengwe kwenye eka zako, palipo na mihogo yako, hatua mia kutoka sakafuni, na kwamba umeshaing'oa mihogo ili mtu asije akapata kisingizio.

Vuai. Eka za Mzee Simai.

Nilitazama tarehe ya kikao, nikaenda kutazama nakala ya barua yangu niliyokuja nayo, maana mimi huweka nakala ya kila kitu. Niliiandika siku kumi na nane baadaye. Kumbe binamu yangu hakusema uongo. Hukuwa na neno ila sakafu. Mimi tu sikuuliza neno gani.

Muhula uliofuata hukupitishwa. Pili anasema ilisemwa mitaani kuwa wewe ni kibaraka wa mabwana wa zamani. Basi nyumbani ulitukanwa kwa kutusemea sisi, na kule Maskati ukatukanwa na mimi. Sijui ulilala vipi miezi ile. Nilipomuuliza Pili, alisema, "Alilala vizuri. Alikuwa anachoka, anaanika."

Nilikwenda shambani Jumatano. Gari liliniacha Bububu nikapanda kwa pikipiki, umri huu. Sakafu ipo. Ina nyufa, na mmoja umeota majani, lakini ipo, imejaa karafuu juu ya majamvi, na ule wekundu wake wa siku ya pili juani sikuuona kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilisimama katikati nimeduwaa kama mtu aliyeingia msikitini. Bi Kazija, yule aliyekuwa akituchapa kwa kijiti cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, tukicheza badala ya kuchambua, bado yu hai, anasimamia waanikaji kutoka kwenye kigoda. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Nani wewe?"

Nikamtajia babu yangu.

"Ala! Mjukuu wa mwenye sakafu! Basi toka, unakanyaga karafuu za watu."

Wanawake wakavunjika mbavu. Mmoja akaniuliza kama huko Maskati karafuu huanikwa kwa viatu. Nikatoka, nikakaa pembeni, nikapewa jamvi la kuchambua kama mtoto. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, kisha vikakumbuka. Nilipoinua macho niliona kituo, kuta za buluu, na mwanamke mwenye kichanga akitoka mlangoni, anamfunika jua kwa kanga. Alipita kando ya sakafu akatoa salamu. Hakujua kama anatoka penye mihogo ya mtu.

Hapo ndipo Pili, aliyekuwa akichambua kando yangu, aliponiuliza, polepole, asisikiwe: "Ami, watu wanauliza. Umekuja na karatasi?"

Sikuweza kumwongopea binti yako. Nilikuwa nayo. Hati ya babu, yenye muhuri wa zamani, nimeisafirisha nayo ndani ya koti. Nilipotoka Maskati nilikuwa nikijiambia nakuja kuzuru kaburi lako, lakini mtu haendi kuzuru kaburi na hati mfukoni. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nilitaka mtu aseme, naam, ni kweli, hapa ni kwenu. Na hayo tayari yalishasemwa, mbele ya Spika, na mtu aliyelipia maneno hayo kwa kiti chake.

Nikamwambia Pili, "Nnataka radhi ya babaako."

Aliacha kuchambua. "Ile barua mimi ndiye niliyemsomea, ami. Macho yake yalikuwa yashaharibika. Nilipofika ule ukurasa wa pili, nikaruka mstari. Akaniambia, umeruka, rudi. Nikarudi."

Nikamuuliza alisemaje.

"Akaniambia andika tumepokea. Nikamwambia, baba, mwambie ukweli. Akasema, Salim ni msomaji, ipo siku atasoma."

Kisha akanitazama kwa yale macho yako. "Radhi yangu nshakupa. Ya baba sina mimi. Ila wewe ulimtukana ndani ya bahasha, na yeye alikusemea mbele za watu. Pima mwenyewe."

Nimepima, Vuai. Nimepima siku nne hapa ghorofani, majalada yako yamenizunguka. Nimeona kwamba barua hii haitoshi, kwa kuwa hii nayo ni bahasha. Nilikudhania vibaya faraghani na nikakuacha ukasimama peke yako hadharani. Maisha yangu yote sijasimama mbele ya watu nikasema neno. Nimeishi nyuma ya meza, nikiwapa wengine vitabu vya kusoma.

Ijumaa, Mungu akipenda, baada ya sala, nitasimama katika msikiti wa kijijini kwako. Nimeshamwomba imamu. Nitataja jina la babu yangu na jina la baba yako. Nitausoma ule mstari wangu wa ukurasa wa pili, wote, bila kuruka, wajue nilichokufanyia. Nitawasomea ulichosema barazani. Kisha nitamkabidhi sheha, mkubwa wa kijiji, ile hati mbele yao, pamoja na maandishi yangu kwamba ukoo wetu umeulizwa, na umejibu: sakafu ni ya kila atakayeanika.

Nakuahidi tu kwamba sitakaa kabla sijamaliza.

Nakuaga sasa, ndugu yangu. Mola akupokee kwa upole uliokuwa ukiwatafutia wengine, na Mzee Simai awe karibu nawe. Imamu aliniuliza nitachukua muda gani. Nilimwambia nimechelewa miaka tisa, dakika tano zitanitosha.

Salim